Bata Aliyevunja Mwiko

Wale mlionicheka wiki iliyopita, chekeni tena. Chekeni sasa hivi, mapema, maana mbele huko sidhani kama mtapata nafasi.

Kwa ambaye hakuwapo: mimi ni Lenard Gapinski, mzaliwa wa Milwaukee upande wa kusini, na kazi yangu ni bolingi. Ndiyo, kazi. Naviringisha mpira wa ratili kumi na tano kwenye njia ya mbao, naangusha pini kumi, nalipwa. Nimeshawasimulia nilivyotemwa na kampuni ya mipira, kidole gumba kilivyonichanika kule Toledo, na gari langu lilivyozama ziwani baada ya kuliegesha juu ya barafu nikavue samaki, na kumbe Machi imeshaingia, barafu inayeyuka.

Niliwaacha pale ukumbini, Jumamosi mchana, kwenye tamasha la hisani la kuchangia wodi ya watoto. Marcy Stroud, mtayarishaji wa televisheni, amenisogezea kichwa kikubwa cha bata, cha manyoya ya njano, anataka nikivae mbele ya kamera.

Na baba yangu, mzee Casimir, kasimama kule kwenye viti vya watazamaji, ukumbi mzima unamsikia:

"Lenard! Ukikitia kichwani hicho kidude, mimi si baba yako!"

Haya. Twende.

Nikamrudishia Marcy kichwa chake.

"Sivai."

"Len, usinifanyie hivyo. Mwenzako Chip kavaa mwili mzima, hadi miguu."

Chip Lavelle ndiye yule mchekeshaji wa kwetu, kila Alhamisi kwenye televisheni lazima aanguke ngazi. Alikuwa amesimama pembeni ndani ya nguo ya bata, miguu ya raba rangi ya machungwa, anatafuna jibini la kukaanga. Akanipungia bawa.

Mke wangu Arlene akanivuta hadi kwenye kaunta ya viatu.

"Vaa, Len."

"Arlene! Hata wewe?"

"Dakika tano tu. Watoto wale wanahitaji vitanda. Na nyinyi mnahitaji watu wajue kuwa mpo. Mara ya mwisho mtu kukutambua dukani ilikuwa lini?"

"Juzi tu."

"Yule alidhani wewe ni fundi bomba."

Nikakasirika. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu siku zile.

"Hawa mastaa wanatumaliza," nikamwambia. "Mtu unakesha miaka ishirini kujifunza mafuta yamepakwaje kwenye njia, mpira uupindie wapi. Halafu anakuja kikaragosi, anatupa mpira kwa kupitisha katikati ya miguu, nchi nzima inacheka, inasema kumbe bolingi ndiyo hii! Umewahi kuona mcheza gofu kavalishwa bata?"

"Gofu wana pesa."

"Wana pesa kwa sababu hawavai bata!"

Arlene akashika kiuno. Namjua akishika kiuno.

"Na huyo Chip," nikaendelea, "hukumwona gazetini mwaka jana? Kapiga magoti hospitalini anabusu mdoli wa mpira, manesi wanakufa kwa kicheko. Hisani gani hiyo? Hisani ya kubusu midoli?"

Picha ile niliikata, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati langu la viatu. Kila mchezaji akipita namfungulia, tunacheka pamoja.

"Usitukane wakunga, Len," Arlene akasema taratibu, "na uzazi ungalipo."

Nikampuuza. Maana jambo lenyewe halikuwa la kichwa cha bata tu. Jioni ile sisi wachezaji wa kulipwa tulikuwa tupige kura: matamasha haya ya mastaa yaendelee au yafe. Kinara wa yafe nilikuwa mimi. Rafiki yangu Duane Oxley, mchezaji mwenzangu, akaja kunisemea sikioni:

"Ukivaa hicho kitu, Len, hatuna kura. Tumekwisha."

"Sivai."

"Mzee wako anatetemeka kwa hasira. Nakwenda kukaa naye."

"Mtulize."

Nikamwona Duane akipanda, akaketi kando ya baba pale mahali pake pa siku zote, mwisho wa mstari wa tatu, jirani na nguzo. Baba alikuwa na kofia yake ya kiwanda cha bia ambayo hakuivua hata kwenye harusi yangu. Jana yake, kwenye mlo wetu wa samaki wa kila Ijumaa, alikuwa amebakiza nusu sahani. Baba yangu kubakiza samaki! Nikasema ni uzee.

Aliyekata shauri ni Chip mwenyewe.

"Bwana Len," akasema, mdomo umejaa jibini, "usivae. Tucheze mchezo mmoja, mimi na wewe. Mnanipa alama mia mbili za kuanzia, kama mnavyowabeba wachezaji wenu dhaifu kwenye ligi. Na nina ruhusa ya kukufanyia fujo yoyote. Niimbe, nilie kama bata, nikutekenye. Ukinishinda, sikanyagi tena ukumbi wa bolingi maisha yangu. Nikikushinda, unavaa kichwa hiki msimu mzima, kila mji."

"Mia mbili!" Duane akapiga kelele kutoka juu. "Len, usikubali! Itabidi usikosee hata mara moja!"

"Basi sitakosea," nikasema.

Baba akaketi. Akatikisa kichwa mara moja, kukubali. Mwenzenu nikajiona mfalme.

Marcy akapiga makofi. Taa nyekundu za kamera zikawaka.

Mpira wa kwanza nikafagia: pini zote kumi chini. Chip alikuwa nyuma yangu analia kwa-kwa-kwa, watu wanacheka. Wa pili, kalala chini karibu na miguu yangu anapiga mabawa. Zote kumi. Wa tatu, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya bata, hata Arlene akacheka. Zote kumi.

Sasa lazima niwaeleze mwiko wetu, maana bila huo hamtauelewa msiba wangu.

Mtu akifagia zote mfululizo, akifika ya nne, ya tano, ukumbi unafunga mdomo. Hakuna anayemsemesha. Aliyekaa hasimami, aliyesimama hakai. Mwenye haja ndogo atajijua mwenyewe. Ile alama ya juu kabisa, mia tatu, ya kufagia zote mara kumi na mbili, mwanzo hadi mwisho, haitamkwi hata kwa vidole. Ukivunja ukimya umemvunjia mtu bahati yake, na hilo kwetu halisameheki.

Mama yangu, Mungu amrehemu, uchungu wa kunizaa mimi ulimkuta ukumbini, mjomba wangu akiwa katikati ya mfululizo. Hakusema neno. Alikaa ameuma leso mpaka mjomba alipotupa mpira wa mwisho, ndipo akasema, "Casimir, lete gari." Hadithi hiyo kwetu ilisimuliwa kila Krismasi, na kwa fahari kubwa. Nimelelewa hivyo.

Basi nilipofagia ya tano, kicheko kikakatika kama maji ya bomba.

Chip akalia kwa-kwa.

"Shh!" bibi mmoja wa mstari wa mbele akamwambia.

"Nini tena?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Lakini, bibi, fujo ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya!"

"Nyamaza, ama nikunyonyoe manyoya."

Chip akamtazama Marcy. Marcy, mtu wa mbali huko, akainua mabega. Chip akanigeukia mimi.

"Bwana Len, nimekosea nini?"

Sikumjibu. Mwiko. Akawageukia watu: uso baada ya uso, hakuna anayepepesa. Arlene ana kipande cha jibini shavuni, hakitafuni. Jamaa mmoja kashika glasi ya bia hewani, hainywi wala haishushi. Chip akaogopa, nilimwona akiogopa. Akatupa mipira yake yote iliyobaki harakaharaka, akaketi sakafuni, kavua kichwa cha bata kakipakata mapajani.

Hakuwa tena na kazi ya kufanya. Sisi wote tulizitazama pini. Yeye akawa anatutazama sisi.

Ya sita. Ya saba. Mkono wangu siku ile haukuwa wangu. Njia ilikuwa inanisubiri tu niseme.

Nilipogeuka baada ya ya saba, niliona kofia ya baba iko sakafuni.

Baba yangu hakuwahi kuiacha kofia ile iguse chini. Lakini nikasema, ahaa, hataki kuinama asivunje mwiko. Nikampenda zaidi.

Baada ya ya nane, nilimwona anajikanda mkono wa kushoto. Uso wake una jasho, na nje theluji inaanguka. Macho yetu yakakutana. Akainua kidole, akakiweka mdomoni.

Kwamba: kimya. Endelea.

Nikaendelea.

Baada ya ya tisa nikamtazama Duane aliyekaa naye bega kwa bega. Macho ya Duane yalikwenda upande wa baba, yakarudi mbele, yakaenda tena, yakarudi. Taya limemkaza kama mtu anayeng'olewa jino. Nikasema, hata Duane roho iko juu leo.

Niliona, wenzangu. Vyote niliviona. Kila kimoja nikakipatia maana yake nzuri, nikageuka kufuta mpira wangu kwa taulo.

Zikabaki tatu. Nikafagia. Zikabaki mbili. Nikafagia. Kwa hesabu nilikuwa nimeshamshinda Chip, hata na zile mia mbili zake za kupewa. Ningeweza kuuweka mpira chini pale pale, nikaenda kumwokotea baba kofia yake. Ule wa mwisho haukuwa wa kumshinda bata. Ulikuwa wa mimi na baba.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nimeshauinua mpira kifuani nilipomsikia Chip.

"Jamani! Yule mzee!"

"Shhhh!" Ukumbi mzima.

"Yule pale kwenye nguzo! Hayuko sawa yule! Mtazameni!"

"Mnyamazisheni huyo!"

Nilisikia vurugu nyuma yangu. Majamaa wawili wa kiwanda cha bia walikuwa wamemkamata mabawa, mmoja kamziba mdomo. Chip akamng'ata.

"Anakufa! Mna wazimu nyinyi? Anakufa!"

Mnajua nilisema nini moyoni? Nilisema: mshenzi mkubwa, amekosa fujo nyingine, kaona amtumie baba yangu. Hata nikamsifu. Mbinu nzuri, bata.

Nikapiga hatua zangu, nikauachia.

Mpira ukaenda pembeni kabisa, karibu na mfereji, ukajifikiria, ukapinda. Nyuma yangu kitu kizito kikaanguka. Pini zikalipuka. Zote. Hata ile ya pembeni iliyosimama ikiyumba, ikainama yenyewe ikalala.

Nikainua mikono yote miwili nikapiga kelele:

"Mia tatu!"

Nikageuka ili wanibebe.

Hakuna aliyenitazama. Manyoya ya njano yalikuwa yanaelea hewani. Kule mstari wa tatu, kati ya viti, bata mkubwa alikuwa juu ya baba yangu, anamkandamiza kifua kwa mikono miwili.

"Moja, mbili, tatu, nne! Simu! Pigeni simu! Mnanitazama nini, mmekufa na nyinyi?"

Arlene alitema jibini akakimbilia simu ya kaunta. Mimi mikono ilikuwa bado juu. Sikujua jinsi ya kuishusha.

Kisha Chip akamwinua baba kidevu, akambana pua, akainama akamwekea mdomo wake mdomoni. Namna ile ile. Magoti vile vile, shingo vile vile, kama nilivyoiona kwenye mlango wa kabati langu kila siku iendayo kwa Mungu.

Nikamfikia Duane. Alikuwa bado amekaa, mikono juu ya magoti, machozi yanamtiririka.

"Ulikuwa naye hapa!" nikamtikisa. "Duane! Ulikuwa umekaa naye hapa!"

"Alinikataza, Len."

"Alikukataza nini?"

"Nilitaka kuinuka toka ya nane. Alinishika mkono akaubana. Akanionyesha kidole mdomoni. Mzee wako mwenyewe, Len. Alisema kwa macho, mwache amalize."

Kidole kile nilichokiona. Mimi nilidhani kinaniambia mimi.

Taa nyekundu za kamera zilikuwa bado zinawaka.

Korido ya hospitali ilikuwa imejaa sisi. Wachezaji wote wa kulipwa walikuja, wengine na viatu vya bolingi miguuni, majina yao yameshonwa kwenye mashati kama watoto wa chekechea. Hakuna aliyezungumza. Safari hii haukuwa mwiko, ilikuwa aibu.

Chip alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la mwisho, bado bata, kichwa kando yake. Nesi mmoja alikuja kumwomba picha. Akamkatalia kwa upole.

Nikaenda nikakaa naye.

"Nani alikufundisha vile?"

"Ah, bahati tu," akasema. "Mwaka jana walituita mastaa kwenye hisani moja ya moyo. Wakatupa mdoli wa mpira tuukandamize. Ilikuwa ya picha tu, bwana, mimi nilikwenda kwa ajili ya chakula. Lakini kulikuwa na nesi mmoja mkali, akasema mpaka upatie ndipo utakula. Nikarudia hadi magoti yakachubuka."

"Picha yake ilitoka gazetini," nikasema.

"Uliiona?"

"Ninayo."

Akanigeukia, macho yamejaa shukrani.

"Kweli uliitunza? Kila mtu aliniona mjinga."

Nilitamani sakafu ya hospitali ifunguke.

Marcy akaja, koti limejaa theluji, hanitazami usoni.

"Len, nimejaribu kuwazuia. Wakubwa wameiona kanda. Wanaionyesha leo jioni kwenye habari."

"Wanaonyesha nini?"

"Yote. Watu wanavyomfunga Chip mdomo. Na wewe." Akapangusa theluji begani. "Wewe umeinua mikono, na mzee yuko chini nyuma yako. Vyote viwili vimeingia pamoja kwenye picha moja."

Arlene alikuwa amesimama ukutani. Alisema bila ukali, na heri angenifokea:

"Sasa nani aliyeliharibia jina bolingi, Len? Bata?"

Duane akakohoa.

"Len, ndugu yangu. Tumepiga ile kura. Palepale garini, tukija."

"Mmesemaje?"

"Yaendelee. Wote. Hata mimi. Imebaki yako tu."

Nilifungua mdomo. Mlango wa chumba cha baba ukafunguka kabla sijasema, akatoka daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya uchovu.

"Ameamka. Lakini hajavuka, naomba mnielewe. Moyo unaweza kusimama tena wakati wowote. Mtu mmoja mmoja, na msimchoshe."

Nikainuka.

"Wewe ndiye bata?" akaniuliza.

"Mimi ni mwanawe."

"Anamtaka bata."

Chip akanitazama kama mtu anayeomba ruhusa. Nikamwonyesha mlango. Akaingia na miguu yake ya raba, plap, plap, plap, mlango ukafungwa.

Nilisimama pale. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwonea mtu wivu namna ile. Nikamwonea wivu bata.

Alipotoka alikuwa anafuta macho kwa bawa.

"Amesemaje?"

"Sauti hana, ananong'ona. Ameniuliza mpira wako wa mwisho ulianguka vipi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sikuuona, mzee, nilikuwa na kazi." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Halafu akasema uingie."

Nikashika kitasa.

"Ngoja, Len. Amesema uingie na hiki." Akanipa kichwa cha bata. "Umekivaa."

"Anatania."

"Mtaniaji hapa ni mimi. Nilimwuliza mara mbili. Hakutania."

Nikakitazama kile kidude. Kila mtu pale koridoni alikuwapo ukumbini, kila mtu alimsikia mzee kwa masikio yake: ukikitia kichwani, mimi si baba yako. Sasa anakitaka. Ananisamehe, au ananikana?

"Labda anataka kucheka kidogo," Arlene akasema. "Vaa, mume wangu."

"Na kama hataki kucheka?"

Ni mzee gani anayejua kama atapata nafasi nyingine ya kumkana mtu?

Nikavaa.

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya jibini na jasho la Chip. Tundu la kuonea lilikuwa mdomoni mwa bata, dogo, likinionyesha kitu kimoja kimoja. Nikaona kitasa. Nikaona mguu wa kitanda. Nikaona mgongo wa nesi, ananing'iniza chupa ya maji ya mshipa upande wa pili. Nikaona kofia ya kiwanda cha bia juu ya blanketi. Kuna aliyemwokotea, na hakuwa mimi.

Nikamwona baba. Alikuwa mdogo. Sijui lini alipungua vile.

Akanitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ikavutika pembeni. Kama ni tabasamu, kama ni maumivu, kwa tundu lile nisingeweza kujua.

"Baba," nikasema. "Zilianguka zote."

Akafumba macho, akafumbua. Mkono wake ukapanda kutoka kwenye kofia, polepole, kidole kimenyooka, ukaja hadi mdomoni.

Shh.

Mashine ya kupimia moyo, pale ukutani, ilikuwa inalia, ti, ti, ti. Ikachelewa. Ikalia. Ikachelewa zaidi. Nesi yuko na chupa yake. Jasho lile lile la ukumbini likamtoka baba kwenye paji la uso, na kidole bado kiko pale pale, macho yananiambia: usiseme, Lenard, mwanangu, tulia.

Mwanangu. Au labda hakusema mwanangu, labda nilijipatia mwenyewe maana nzuri, kama nilivyozoea.

Maisha yangu yote nilikuwa nimemtii mzee yule. Kidole kikateleza, kikaanguka juu ya blanketi.

Safari hii sikunyamaza. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote ndani ya kile kichwa, manyoya yakanijaa mdomoni, sauti ikatoka kama ya bata tu, mabega yanatikisika, mikono juu:

"Anakufa! Nesi! Baba yangu anakufa!"

Nesi akageuka, akaona bata amesimama kando ya kitanda, akaanza kucheka.